Maswali ya Wasomaji: Bunduki Mpya na Risasi Yake ya Kwanza

Barua nne kati ya zilizonifikia mwezi huu kutoka mikoa yetu ya Lindi na Mtwara zinahusu bunduki mpya, au bunduki iliyo mpya mikononi mwa anayeitumia. Nimezifupisha bila kubadili maana yake. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa ndani yake kuna maswali matano au sita yaliyofungwa katika furushi moja.

Shikamoo Mwalimu. Ninajifunza kazi ya mwindaji bingwa katika kitalu kimoja cha uwindaji upande wa Liwale, na makazi yangu ni Nachingwea. Baada ya kusubiri kibali kwa muda mrefu, nimepata raifoli mpya ya .375 H&H Magnum yenye darubini. Risasi nilizonazo ni makasha mawili tu, yaani risasi 40, na kupata nyingine ni kazi kubwa. Muuzaji ameniambia kwamba mtutu mpya ni lazima uzoeshwe kwa kupiga risasi moja na kusafisha, mara 20, ndipo nianze kulenga. Rafiki yangu aliyetumikia jeshi anasema hajawahi kuona jambo hilo likifanyika. Jirani yangu ananishauri niende shambani nikaijaribie kwenye shina la mkorosho mkongwe. Nimfuate nani?
Msomaji, Nachingwea

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kuipata bunduki yako kwa njia halali.

Nianze na huo mkorosho, kwa kuwa katika barua yako hilo ndilo jambo pekee lisilo na mjadala. Usifanye hivyo. Risasi ya .375 yenye kichwa cha grini 300, ambazo ni gramu 19.4, hutoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 770 kwa sekunde, na ikilikosa shina inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3 kabla haijatua. Kati ya mkorosho huo na mwisho wa kilomita hizo kuna njia za miguu, kuna visima, na kuna akina mama na watoto wanaookota korosho bila kujua kwamba nyuma ya miti yupo mtu anayejaribu bunduki. Hata likipigwa, shina gumu linaweza kuigeuza risasi na kuirusha upande ambao hukuutazamia. Leseni uliyopewa chini ya sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 ni ruhusa ya kumiliki silaha, wala haikupi ruhusa ya kufyatua risasi popote unapotaka. Nenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya ukiwa na leseni yako mkononi, umweleze kwamba unahitaji kusawazisha darubini, yaani kuirekebisha ili risasi ipige pale inapolenga, na uombe kuelekezwa kwenye uwanja wa shabaha wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha. Ukiambiwa usubiri wiki mbili, subiri.

Sasa tuje kwenye ubishi wa muuzaji na rafiki yako. Rafiki yako anasema kweli kuhusu bunduki alizozizoea. Mitutu mingi ya bunduki za kivita imepakwa kromiamu kwa ndani, na kromiamu ni ngumu kiasi kwamba risasi chache haziwezi kuilainisha, kwa hiyo kuuzoesha mtutu wa namna hiyo ni kupoteza risasi. Bunduki yako ya kuwindia, kama ilivyo kawaida ya bunduki za aina hiyo, huenda ina mtutu wa chuma kitupu, na hapo ndipo maneno ya muuzaji yanapopata uzito. Kiwandani, sehemu ya mtutu iliyo mbele kidogo ya chemba (tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa), pale risasi inapoingia kwenye michirizi inayoizungusha, hukatwa kwa kekee, na kekee hiyo huacha mikwaruzo midogo inayokatiza njia ya risasi. Risasi zinapopita, mikwaruzo hiyo hukwangua shaba ya ganda la nje la kichwa cha risasi, na shaba hiyo hubebwa na gesi ya moto na kwenda kuganda mbele zaidi ndani ya mtutu. Kila risasi inayopita huilainisha mikwaruzo kidogo, ila shaba ikiachwa juu yake huikinga isilainike. Hiyo ndiyo sababu ya kusafisha baada ya kila risasi.

Mafundi bunduki wenyewe hawajakubaliana juu ya faida ya kazi hiyo. Wapo watengenezaji wa mitutu wanaoiagiza kwenye vitabu vyao vya maelekezo, na wapo mafundi wenye heshima kubwa wanaosema kwamba mtutu uliotengenezwa vizuri hauihitaji na mtutu mbovu hauponi kwa njia hiyo. Maoni yangu, baada ya miaka mingi ya kuwafundisha askari wa wanyamapori, ni kwamba faida yake kwa mtutu ni ndogo, ilhali faida yake kwa mwenye bunduki ni kubwa, kwa sababu inamlazimisha kupiga polepole, kuuacha mtutu upoe, na kujifunza kuusafisha kabla hajazoea uvivu. Ila mara 20 ni nyingi mno kwa mtu mwenye risasi 40. Piga risasi 5 moja moja, ukisafisha baada ya kila moja, kisha piga tatu tatu mara mbili, ukisafisha baada ya kila tatu. Jumla yake ni risasi 11. Na usizipige hivi hivi ili mradi mtutu uzoee: kila risasi ya kuzoesha mtutu iwe pia risasi ya kusawazisha darubini. Watu wengi hutenganisha kazi hizi mbili, wakamaliza kasha zima kwa kupiga tuta la udongo, kisha wakabaki wanahesabu risasi za kulengea.

Kabla hujaenda uwanjani kuna kazi ya kufanya nyumbani, bunduki ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine. Hakikisha kwamba maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu yanalingana neno kwa neno na yaliyo kwenye kasha la risasi na kwenye kitako cha kila ganda. Chomoa komeo, ambalo wengi huliita bolti, kisha safisha mtutu, kwa kuwa bunduki mpya husafirishwa ikiwa imepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yakiachwa ndani huweza kuongeza presha na kuipeleka risasi ya kwanza mahali pasipotabirika. Ingiza ufito wa kusafishia kutoka upande wa chemba na si kwenye mdomo wa mtutu; mdomo huo ndio sehemu ya mwisho inayoigusa risasi, na ukichubuliwa na ufito upande mmoja tu, gesi hutoka bila ulinganifu na kuisukuma risasi pembeni. Pitisha kitambaa chenye dawa, kisha vitambaa vikavu mpaka kitoke kimoja kilicho safi. Halafu elekeza mtutu kwenye mwanga na uchungulie ndani, ukiangalia kama kuna kipande cha kitambaa kilichosahaulika. Nimekwisha kuona mtutu uliochanika kama ganda la ndizi kwa sababu ya kitambaa.

Kisha kagua skrubu, zile zinazoishika bunduki kwenye ubao wake na zile za pete za darubini. Nalisema hili kwa uchungu. Nilipokuwa askari kijana nilipewa bunduki iliyofungwa darubini na fundi mmoja wa mjini, nikaenda nayo uwanjani bila kuigusa. Risasi ya kwanza ilipiga kushoto, nikazungusha kifundo cha darubini kuelekea kulia; ya pili ikapiga juu, nikashusha; ya tatu ikarudi kushoto. Nilitumia risasi 14 za serikali nikiifukuza shabaha, mpaka mkubwa wangu alipokuja, akaishika darubini kwa vidole viwili na kuitikisa. Ilicheza kama jino la mtoto. Tangu siku hiyo hakuna bunduki niliyoipiga bila kwanza kukaza skrubu zake kwa kipimo alichokiandika mtengenezaji, na nakuomba nawe ufanye hivyo, ukikumbuka kwamba kukaza kupita kiasi nako kunaikandamiza darubini na kuiharibu. Mwisho, hakikisha kwamba macho yako yanapata picha kamili jicho likiwa umbali wa sentimita 9 au zaidi kutoka kwenye kioo cha darubini. Bunduki ya .375 inasukuma karibu mara mbili ya bunduki ya kuwindia ya .30-06, na darubini iliyo karibu mno na jicho itakupasua juu ya nyusi.

Uwanjani fika asubuhi na mapema. Jua likipanda, joto hupanda kutoka ardhini na shabaha huanza kuonekana kama inaogelea. Tena miezi ya kusi upepo huwa umetulia zaidi alfajiri. Kwa mita 100 upepo wa kawaida hauisogezi risasi nzito kama yako zaidi ya sentimita chache, lakini unamtikisa mpigaji na kulichezesha bango la shabaha. Vaa vizibo masikioni na vifuniko juu yake, na macho yakingwe kwa miwani. Mlio wa bunduki kama hiyo unapita desibeli 140, kiwango ambacho hata mlio mmoja unaweza kuliharibu sikio, na sikio lililoharibika halirudi.

Weka shabaha ya kwanza mita 25. Bunduki ikiwa imetulia juu ya viroba vya mchanga na komeo likiwa limechomolewa, chungulia kupitia ndani ya mtutu mpaka uione nukta ya shabaha katikati ya duara la mtutu. Bila kuitikisa bunduki, inua jicho kwenye darubini na uzungushe vifundo mpaka msalaba wake nao uangukie kwenye nukta ileile. Kwa njia hii, bila kutumia risasi hata moja, umekwisha kuukaribisha mtutu na darubini kwenye nukta moja, na risasi yako ya kwanza ina nafasi nzuri ya kuangukia kwenye karatasi.

Rudisha komeo, upige risasi moja. Tuseme imepiga sentimita 9 kushoto na sentimita 4 chini. Darubini nyingi zina vifundo ambavyo kila kliki moja huhamisha pigo kwa robo ya dakika ya pembe (dakika ni sehemu moja ya 60 ya digrii), na robo hiyo kwa mita 100 ni milimita 7 na kidogo, na kwa mita 25 ni robo ya hapo, yaani milimita 1.8. Kwa hiyo unahitaji kliki 50 kwenda kulia na kliki 22 kwenda juu. Watu hushangaa wakiona wingi wa kliki hizo; wakazungusha kumi tu na kupiga tena, wakazungusha kumi nyingine na kupiga tena, na kasha likaisha. Piga hesabu, uiamini. Kama darubini yako imeandikwa kwa miliradi, ambayo ni kipimo kingine cha pembe, kliki moja ya sehemu ya kumi ya miliradi huhamisha pigo sentimita 1 kwa mita 100, na hesabu inakuwa nyepesi zaidi. Safisha mtutu, piga ya pili, na kama imeangukia kwenye nukta au kandokando yake, peleka shabaha mita 100.

Hapa usishangae ukiona risasi imepanda. Darubini inakaa kama sentimita 4 juu ya mtutu, kwa hiyo risasi huanza safari yake ikiwa chini ya mstari wa jicho, hupanda na kuukata mstari huo, kisha baadaye hushuka tena. Bunduki kama yako iliyosawazishwa kwa mita 25 hupiga kama sentimita 5 juu kwa mita 100. Katika misitu ya miombo ya Liwale, ambako mara nyingi mnyama huonekana akiwa ndani ya mita 100, mimi ningeishusha mpaka ipige kwenye nukta yenyewe kwa mita 100, ili nikiwa na haraka nisilazimike kukumbuka chochote. Tumia risasi tatu zilizobaki za mojamoja kwa kazi hiyo, ukisafisha kila baada ya moja, kisha ndipo upige zile tatu tatu.

Usizungushe kifundo kwa sababu ya risasi moja unapokuwa mita 100. Piga tatu kwa kulenga mahali palepale, tafuta kitovu cha matundu hayo matatu, na ukisahihishe hicho kitovu. Matundu yakiwa yametawanyika kama punje za mtama zilizomwagika, tatizo haliko kwenye vifundo. Liko kwenye skrubu, au kwenye risasi za aina mbili zilizochanganywa, au kwa mpigaji. Nakusihi utumie risasi za aina moja, uzito mmoja na kiwanda kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa risasi ya grini 270 na ya grini 300 kutoka mtutu uleule hazitapiga mahali pamoja, na usawazishaji wa moja si usawazishaji wa nyingine.

Kuhusu mpigaji, nikuambie kweli: bunduki ya .375 inamfundisha mtu kushtuka. Baada ya risasi ya sita au ya saba bega huanza kuogopa kabla ya kidole hakijamaliza kazi yake, na bila kujua unaisukuma bunduki mbele au unafumba macho. Usipige zaidi ya risasi 10 au 12 kwa siku. Viroba vikae chini ya ubao wa mbele wa bunduki, kamwe visiuguse mtutu wenyewe, na mkono wa kushoto uushike ubao huo ili bunduki isiruke. Mwombe mwenzako akupakilie, safari nyingine akuwekee risasi bandia bila kukuambia. Ukibana kifyatulio na bunduki isilie, utauona mshtuko wako mwenyewe waziwazi, na hakuna mwalimu anayeweza kukueleza vizuri kuliko hapo. Kati ya risasi na risasi, weka kiganja juu ya mtutu. Kama huwezi kukiacha hapo kwa sekunde tano, mtutu ni wa moto mno. Acha komeo wazi, kaa kivulini, kunywa maji.

Sasa jambo ambalo nataka uondoke nalo. Baada ya risasi hizo 11, na pengine mbili tatu za kuhakikisha, utakuwa na karatasi nzuri yenye matundu yaliyokusanyika, na utatamani kumwonyesha kila mtu. Karatasi hiyo inakuonyesha bunduki iliyopashwa moto na risasi zilizotangulia, ilhali huko porini nyati hakupi risasi za kupashia moto. Risasi utakayompiga ni ya kwanza, kutoka kwenye mtutu baridi uliobebwa begani tangu alfajiri. Kwa hiyo rudi uwanjani asubuhi tatu tofauti. Kila asubuhi pitisha kitambaa kikavu kuondoa mafuta, piga risasi moja tu kwa mita 100 bila viroba, ukiegemea mti au fimbo za kuegemea kama utakavyofanya kazini, kisha ufunge bunduki urudi nyumbani. Andika kwenye daftari tarehe, aina ya risasi, hali ya hewa na mahali ilipopiga, ukipima kwa rula. Matundu hayo matatu ya mtutu baridi yakikaa pamoja ndani ya kiganja cha mkono, bunduki yako imekuwa tayari. Kama yanakaa pamoja lakini pembeni ya yale ya mtutu wa moto, sahihisha darubini kwa kufuata ya mtutu baridi. Hesabu yako itakuwa risasi 16 au 17, na zilizobaki zinatosha kwa kazi.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji huku Nanyumbu, na ni mwanamke pekee katika kikosi chetu. Tumepewa bunduki moja yenye vilengeo vya kawaida, haina darubini. Mwenzangu akipiga, risasi inakaa sawa. Mimi nikipiga kwa mita 50, zinakaa pamoja vizuri lakini sentimita 10 kushoto. Wenzangu wanasema sijui kulenga. Je, naweza kukisogeza kilengeo?
Msomaji, Nanyumbu

Marahaba, dada yangu. Mtu ambaye matundu yake yanakaa pamoja anajua kulenga, na hilo waambie wenzako kwa niaba yangu. Asiyejua ni yule ambaye risasi moja inakwenda Masasi na nyingine Ruvuma. Wewe unapiga mahali pamoja kila mara. Kilichobaki ni kujua kwa nini ni hapo.

Kwa vilengeo vya kawaida, sababu mara nyingi ni kichwa na kidole. Kitako cha bunduki hiyo huenda kilitengenezwa kwa mtu mwenye mikono mirefu kuliko yako, kwa hiyo unalazimika kuinyosha shingo, shavu linakaa mahali tofauti na jicho linaviangalia vilengeo kwa pembe. Na kama kidole hakifiki vizuri kwenye kifyatulio, unakibana kwa ncha tu na kuisukuma bunduki kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Jaribu kwanza bunduki ikiwa tupu: fumba macho, iweke begani kwa raha, weka shavu, kisha fumbua. Kama kilengeo cha mbele hakiko katikati ya ufa wa kilengeo cha nyuma, umekwisha kuupata ugonjwa. Sogeza kitako karibu zaidi na shingo, geuza mwili uielekee shabaha zaidi kidogo, na urudie mpaka macho yakifumbuliwa vilengeo viwe sawa vyenyewe.

Usivisogeze vilengeo kabla hujamaliza hilo, kwa sababu bunduki ni ya kikosi na ukiisahihisha kwa ajili yako utakuwa umeiharibu kwa mwenzako. Hata hivyo, ili ujue hesabu yake siku mtakapoamua kwa pamoja na kwa idhini ya mkubwa wenu: kilengeo cha nyuma hufuata upande unaotaka risasi iende, na kilengeo cha mbele huukimbia. Zidisha kosa kwa urefu ulio kati ya vilengeo viwili, kisha gawanya kwa umbali wa shabaha. Kama kati ya vilengeo kuna sentimita 50, kosa la sentimita 10 kwa mita 50 linahitaji msogeo wa milimita 1 tu. Mwone huyo milimita alivyo mdogo, kisha ujue kwa nini mafundi wanaogonga kilengeo kwa nyundo wanaleta balaa. Na kama risasi zinakaa chini, usikubali mtu apige tupa kilengeo cha mbele bila kupima, maana kikipunguzwa risasi hupanda, na kilichokwisha kukatwa hakiwezi kurudishwa.

Kama bunduki hiyo imekuwa ikitumika muda mrefu, haihitaji kuzoeshwa. Inahitaji kusafishwa shaba ya miaka mingi. Ukipitisha dawa yenye amonia na kitambaa kikatoka na rangi ya buluu au kijani, hiyo ndiyo shaba; endelea mpaka rangi ififie, kisha kausha na upake mafuta kidogo. Vikundi vingi vya kulinda mashamba dhidi ya tembo vinalaumu vilengeo wakati mtutu umejaa uchafu.

Mheshimiwa Mwalimu, naishi Mikindani, mita mia chache kutoka baharini. Nilisawazisha bunduki yangu mwezi wa saba, nikaihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi. Nilipoitoa baada ya miezi miwili nikakuta kutu kwenye mtutu, na risasi ya kwanza ikapiga mbali. Nifanyeje?
Msomaji, Mikindani

Ndugu yangu, mfuko wa ngozi ni wa kubebea. Ngozi hunyonya unyevu, na katika hewa yenye chumvi kama ya Mikindani huukumbatisha unyevu huo kwenye chuma usiku na mchana. Ihifadhi bunduki kwenye kabati la chuma lenye kufuli, kama masharti ya leseni yanavyotaka, ukiwa umeweka ndani vifuko vya chembechembe zinazonyonya unyevu, na uifute kwa kitambaa chenye mafuta kila wiki, si kila mwezi. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache bunduki dakika chache kisha uifute, kwa sababu chuma baridi kikikutana na hewa ya pwani hutoka jasho, ndani ya mtutu pia.

Kama ulitumia risasi za zamani za kijeshi, nakisia kwamba kutu yako ilianzia hapo. Fataki za baadhi ya risasi hizo, yaani vile vidude vya kitakoni mwa ganda vinavyoiwasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta peke yake hayaiondoi. Chumvi huyeyushwa na maji: mimina maji ya moto mtutuni siku ileile ya kupiga, kausha kabisa, ndipo upake mafuta. Kuhusu risasi yako kupiga mbali, ondoa kutu kwa brashi ya shaba na mafuta, kausha mtutu, kisha rudi uwanjani ukaanze upya. Usisogeze kifundo kwa kuitegemea risasi iliyopita kwenye mtutu wenye kutu na mafuta.

Mwalimu, tukiwa uwanjani risasi moja ya mwenzangu ilitoa mlio mdogo, kama mpira ukitoka upepo, na tundu halikuonekana. Alitaka kupiga nyingine, nikamzuia. Je, nilikosea?
Msomaji, Newala

Hukukosea, na huenda umemwokoa macho au mikono. Mlio hafifu maana yake baruti ilikuwa pungufu au haikuwaka, na kichwa cha risasi huenda kimekwama ndani ya mtutu. Risasi ya pili ikikikuta hapo, presha inaweza kuupasua mtutu. Mkae na mdomo wa mtutu ukiielekea shabaha kwa sekunde 30, mfungue komeo polepole, mtoe ganda, mhakikishe chemba ni tupu, kisha mchomoe komeo na mpitishe ufito kutoka upande wa chemba. Ukigonga kitu, msijaribu kukitoa wenyewe kwa nyundo na chuma. Mpelekeeni fundi bunduki. Sekunde hizo 30 mzihesabu pia pale kifyatulio kinapobanwa na risasi isilie kabisa, kwa kuwa zipo zinazochelewa kuwaka. Na risasi zote zilizobaki katika kasha hilo ziwekeni kando, zisipigwe tena, na mripoti namba iliyoandikwa kwenye kasha kwa aliyewauzia.